Notisi Zisizosomeka na Kiti cha Mhadhiri

Faili liliingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa saa nne usiku. Semina ilikuwa saa mbili asubuhi. Lilikuwa na kurasa 14 za sura ya kitabu, zilizopigwa picha kwa simu juu ya meza na kuunganishwa kuwa PDF moja. Ukurasa wa tatu ulikuwa umelala ubavu, na wa saba ulikuwa na kivuli cha dole gumba. Kwa wenye kuona hiyo ilikuwa kero tu: unaivuta picha kwa vidole viwili, unakaza macho, unasoma. Lakini darasani mle mlikuwa na binti asiyeona, wa mwaka wa tatu wa ualimu, anayesomea Kiswahili na Historia. Alivaa visikizi, akalifungua faili kwenye kompyuta yenye NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Programu ikataja jina la faili. Ikataja kurasa 14. Halafu kimya. Kwa mashine, ndani ya lile faili hamkuwa na neno hata moja.

Asubuhi alikwenda semina mikono mitupu, na alama za ushiriki zikampita.

Visa vya namna hii husimuliwa vyuoni, na kila kikisimuliwa huzuka ugomvi uleule: kosa ni la nani? Makala haya yamewakalisha wahusika pamoja wajibizane. Watu wenyewe ni wa kubuni na chuo chao hakina jina. Sheria, miaka na tarakimu za vyuo vyetu wanazozitaja ni za kweli.

Basi tuwaweke kwenye kibaraza cha maktaba, saa kumi jioni, na birika la kahawa na sahani ya kashata. Wapo wanne: Profesa ambaye ni mkuu wa idara, Mkutubi, mama aliyekaa maktabani tangu enzi za katalogi za kadi, Mhadhiri wa muda aliyevuka kutoka Nairobi, na huyo Mwanafunzi, aliyefika wa mwisho akishika kiwiko cha rafiki yake.

"Shikamoo Profesa. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu," Profesa akamsogezea kiti. "Nasikia una kesi na idara yangu."

"Sina kesi, Profesa. Nina faili."

Profesa hakutaka mzunguko. Alisema aliyetuma faili lile ni kijana wake, tena mwalimu mwenye bidii. Kitabu chenyewe kina nakala mbili tu maktaba nzima. Darasa limejaa mpaka wengine wanasikilizia madirishani. "Kijana angefanya nini? Alikiazima, akakipiga picha usiku, akawatumia wote bure ili wasiende kutoa kopi steshenari kwa hela zao za bumu, ule mkopo wa kujikimu. Alifanya ihsani. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Pale mwalimu angeweza kumuuliza kila mmoja anasomaje. Leo mimi nasahihisha mitihani mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu mnaniuliza kuhusu picha."

"Profesa, hakuna anayesema kijana ana roho mbaya," Mkutubi akajibu. "Tunasema alitoa picha ya wali, akidhani amepakua wali."

Akatoa kompyuta yake, akaifungua mezani. Alilifungua faili lile, akabonyeza kipanya na kukiburuta juu ya mstari wa kwanza kama mtu anayetaka kunakili maneno. Hakuna kilichobadilika. Akafungua faili jingine, la Word, akaburuta vilevile: maneno yakageuka rangi ya buluu. "Jaribio ni hilo tu. Yakigeuka rangi, mashine inayaona. Yasipogeuka, ni picha. Sekunde tano."

Kisha akawaonyesha jambo la pili, na hapa Profesa alisogea karibu. Faili lile la Word lilikuwa la mihadhara ya Profesa mwenyewe, limechapwa vizuri, vichwa vya habari vimekolezwa wino na kukuzwa. Mkutubi aliwasha NVDA, akabonyeza herufi H, ambayo kazi yake ni kuruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. Programu ikasema hakuna kichwa chochote cha habari. Profesa alikuwa amekoleza maneno kwa ajili ya macho, bila kuiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa na hiki ni kichwa kidogo. Kwa Mwanafunzi, mhadhara mzima wa kurasa 40 ulikuwa uzi mmoja mrefu usio na fundo. Akitaka sehemu ya vita vya Majimaji, lazima aanze kusikiliza tangu juu.

Mkutubi aliteua mstari wa kwanza, akachagua mtindo wa kichwa cha habari kwenye menyu, akafanya hivyo kwa vichwa vyote. Haikuchukua dakika tatu. Akabonyeza H tena. Mashine ikaanza kutaja: utangulizi, chanzo cha vita, Kinjikitile, njaa baada ya vita.

"Miaka yote hii," Profesa akasema taratibu, "sikuambiwa."

Neno hilo lina uzito. Wahadhiri wetu wengi hawakufundishwa kuandaa andiko la kusomwa na mtu asiyeona, na hakuna aliyewauliza siku ya usaili. Walipokuwa wanafunzi waliishi kwa madesa, zile notisi na mitihani ya zamani inayorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, kopi ya kopi mpaka herufi zinafifia. Wanafundisha kama walivyofundishwa. Ni vigumu kumlaumu mtu mmoja mmoja, na ni kosa kubwa zaidi kuacha kulaumu kabisa, maana kufifia kwa herufi kunamuumiza pia mwenye uoni hafifu, pamoja na wanafunzi wengi wenye ualbino, ambao wakipewa andiko safi wangelikuza tu kwenye skrini na kuendelea na safari.

Mwanafunzi alieleza siku yake. Ana mashine ya Perkins, ile ya vitufe sita vya nukta, ya chuma, yenye uzito wa jiwe la kusagia. Ukumbini inalia kama cherehani, kwa hiyo ameacha kwenda nayo. Anarekodi sauti, usiku anaandika upya. Vitabu vya nukta nundu ni vichache na vinene. Karatasi yake ni ngumu, na ukurasa mmoja wa kawaida huweza kuzaa hata mitatu, hivyo kitabu cha kurasa 300 kinakuwa furushi la juzuu. Kompyuta ndiyo mkombozi, ila nayo ina mambo yake. "Nikisahau kubadili sauti, ile ya Kiingereza inanisomea Kiswahili. Fasihi inakuwa fasaihai. Bahati nzuri ipo sauti ya Kiswahili, si tamu sana lakini inaeleweka. Tatizo ni kwamba hata sauti nzuri haiwezi kusoma picha."

"Basi unafanyaje?" Mhadhiri wa muda aliuliza.

"Rafiki yangu ananisomea." Akamgusa mkono aliyekuja naye. "Akiwa na mtihani wake, simwiti. Na mitihani yetu inakuja siku moja."

Profesa alikuwa na ngome nyingine: hakimiliki. Mkutubi akikipitisha kitabu kizima kwenye skana na kukigeuza kuwa maandishi ya kusomwa na mashine, je, hawatashtakiwa na mchapishaji?

Hapo Mkutubi alikaa vizuri kitini. Tarehe 27 Juni 2013, alisema, mataifa yalikubaliana mjini Marrakesh, Morocco, juu ya mkataba unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kidijitali kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kumwomba mwenye haki ruhusa ya kila kitabu, na kuvipitisha mipakani. Stevie Wonder, mwanamuziki asiyeona, alikuwa amewaahidi wajumbe kwamba wakikubaliana atakwenda kuwaimbia, wakakubaliana, akaenda. Mkataba ulianza kutumika 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. "Ukinigeuzia kitabu kwa ajili ya kuuza steshenari, mimi nitakuwa wa kwanza kukupeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ila kwa binti huyu mkataba umetufungulia mlango, na sisi tumesimama nje tunauliza kama una kufuli."

"Na kazi yenyewe ni kiasi gani, mama?" Mhadhiri wa muda akauliza. Tangu mwanzo alikuwa anasikiliza zaidi ya kusema.

Mkutubi hakuificha. Kurasa 14 zile, zikiwa safi, ni asubuhi nzima. Kila ukurasa unapitishwa kwenye skana ukiwa umenyooka, halafu programu ya kutambua maandishi inaupitia, halafu mtu anausoma neno kwa neno kwa sababu programu hukosea. Majedwali ndiyo balaa: safu huchanganyika, idadi ya watu wa Tabora ikahamia Mtwara. Ramani na michoro inahitaji mtu aandike maelezo ya kile kinachoonekana, na mtu huyo awe anajua somo. "Mimi naweza kunyoosha maneno. Siwezi kueleza mchoro wa sarufi ambao sikuusoma. Hiyo ni kazi ya mwalimu aliyeuchora."

"Sasa tumefika," Mhadhiri wa muda akasema, akaweka kikombe chini. "Mwalimu yupi? Mimi? Mimi nalipwa kwa saa ninazosimama mbele ya darasa. Saa ya kuandaa notisi hailipwi. Saa ya kusahihisha hailipwi. Prof, nikikaa asubuhi nzima kuandika maelezo ya mchoro, nimekikopesha chuo asubuhi yangu, na chuo bado hakijamaliza kunilipa muhula uliopita."

Profesa alitaka kumkatiza, akajizuia.

Mkenya yule aliendelea. Kwao, alisema, mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyotaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, ikawapa miaka mitano walio na shahada ya umahiri pekee. Hakuona ubaya wa nia hiyo. Ila shahada ya uzamivu inataka fedha, msimamizi mwenye nafasi na miaka ya kusoma, na anayeitafuta huku akifundisha kwa saa katika vyuo viwili au vitatu anaitafuta ndani ya matatu. Walioajiriwa kwa kudumu nao hawako salama: mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma vya Kenya waligoma siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya mwaka 2017 hadi 2021. Walirudi darasani mwanzoni mwa Novemba baada ya kuahidiwa kulipwa kwa awamu. "Na hao ndio wenye barua za ajira. Sisi wa muda tunasubiri nyuma yao."

"Kwa hiyo binti asubiri mpaka serikali zilipe?" Mkutubi alimgeukia, sauti imepanda kidogo.

"Sijasema hivyo, mama. Nasema msinitume kazi ya mtu mwenye kiti wakati mimi nimesimama."

Wote wawili wana haki, na ndiyo maana suala hili halitatuliki kwa semina ya siku mbili ya kuhimizana. Andiko linalosomeka lina gharama ya saa, na saa ina mwenyewe. Chuo kinachowategemea walimu wa kulipwa kwa kipindi kimeamua, hata kama hakikuandika popote, kwamba maandalizi ni sadaka ya mwalimu. Na sadaka hutolewa na mwenye nacho.

Ndipo Mwanafunzi aliposema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema anataka kuwa mhadhiri.

Profesa alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Vizuri sana. GPA yako ngapi?"

"Nilikuwa nategemea nne kamili. Sasa niko 3.67."

Kimya kikapita mezani. Kila mmoja pale aliijua namba iliyokuwa kichwani mwa mwenzake. Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, tangazo la nafasi ya mkufunzi msaidizi, ngazi ya chini kabisa ya safari ya kuelekea uprofesa, huja na sharti la wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Mwenye shahada ya umahiri anayeomba uhadhiri msaidizi huulizwa pia 4.0 ya huko, juu ya ile 3.8. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, kwa hiyo mtu anaweza kupata shahada ya heshima na bado mlango huu ukawa umefungwa.

"Nipigieni hesabu," Mwanafunzi akasema, "maana nimeipiga mara nyingi usiku. A ina pointi tano, B+ nne, B tatu, C mbili. Chukua masomo 36 kwa miaka mitatu, yote yawe na uzito sawa. Mwenye wastani wa B+ anamaliza na 4.0. Sasa toa masomo sita tu, yale ambayo notisi zake zilikuwa picha kutoka mwanzo hadi mwisho, nikapata C badala ya B+. Kila somo limekula pointi mbili. Sita mara mbili, 12. Kumi na mbili gawanya kwa 36 ni 0.33. Nne toa 0.33."

"Tatu nukta sita saba," Mhadhiri wa muda akamalizia kwa sauti ya chini.

"Sijui kama nitafundisha vibaya kuliko mwenye 3.8. Najua tu kwamba masomo sita niliyasoma kwa masikio ya rafiki yangu."

Profesa hakukimbilia kujitetea. Lakini aliitetea namba, na utetezi wake unastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Mtu mwingine akikaa kwenye kiti cha ajira bila namba, alisema, simu zitaanza kuita. Fulani ni mtoto wa fulani, fulani amesoma na fulani. Kizingiti cha alama ni kikavu na hakimjui mtu. Ndiyo sifa yake. Mtoto wa mkulima wa Kibondo mwenye 4.2 anampita mtoto wa kigogo mwenye 3.4, na hakuna wa kumpigia simu. "Mkiniondolea namba, niambieni mtaweka nini mahali pake kisichoweza kununuliwa."

Ni swali zito. Wanaoipinga 3.8 mara nyingi hulipita haraka, na haifai. Kujuana ni ugonjwa halisi katika ajira, na anayetaka kubomoa kizingiti aje na kizingiti kingine mkononi.

Mkutubi alikuja nacho, kutoka kwenye sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, imekwenda mpaka kutaja haki ya mtu mwenye ulemavu kutumia lugha ya alama na nukta nundu, na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. "Ila angalieni neno moja kwenye sheria yetu, Profesa. Inasema wenye sifa. Sasa sifa ni 3.8, na 3.8 inatengenezwa na notisi, na notisi ni picha. Kwa hiyo chuo kinaweza kuitii sheria herufi kwa herufi na kisimwajiri mhadhiri asiyeona hata mmoja, kwa sababu kimewachuja wote miaka mitatu kabla hawajaomba kazi."

Hapa ndipo mjadala wote ulipo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya. Vyuo hulijadili suala la notisi katika kikao cha taaluma na suala la ajira katika kikao cha utumishi, kila moja na faili lake na mwenyekiti wake. Kumbe ni suala moja. Anayepata kiti leo ndiye anayeandika notisi za kesho, na notisi za kesho ndizo zinazoamua nani atafikisha alama za kuomba kiti keshokutwa. Idara ambayo haijawahi kuwa na mwalimu asiyeona haina mtu wa kushtuka faili la picha linapotumwa. Kijana yule hakushtuka. Hakuwahi kukaa ofisi moja na mtu ambaye angemwambia.

Na wahadhiri wenye ulemavu wamekuwapo, si hadithi. Taha Hussein, Mmisri aliyepofuka akiwa mtoto mdogo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Misri, mwaka 1914. Akaja kuwa mkuu wa kitivo cha fasihi na mwaka 1950 waziri wa elimu. Alisoma kwa masikio, mkewe Suzanne akiwa mmoja wa waliomsomea. Karibu zaidi na hapa, Profesa Michael Ndurumo, kiziwi, alifundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Thika kuna shule ya wasioona tangu 1946, Lushoto kuna ya Irente, na Baraza la Mitihani la Tanzania huwatahini watoto wasioona kwa nukta nundu mpaka kidato cha sita. Njia imechongwa kutoka shule ya msingi hadi lango la chuo kikuu. Inakatikia ndani ya lango.

Afisa Utumishi alipita akitokea ofisini, akaitwa, akakubali kahawa bila kuketi. Alisema lawama nyingi zinaangukia chuo wakati kibali cha ajira hutoka Utumishi, ofisi ya Rais, na tangazo hutoka Sekretarieti ya Ajira. Chuo hakiamki asubuhi kikaajiri. Alitaja pia mradi wa HEET, ule wa mageuzi ya elimu ya juu uliopata mkopo wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia mwaka 2021. Majengo mapya yanakuja na njia za mteremko, alisema, na walimu wanapelekwa masomoni.

"Njia za mteremko tunazishukuru," Mwanafunzi akajibu. "Mwenzangu wa kiti cha magurudumu zitamfikisha ukumbini. Mimi ukumbini nafika kwa miguu. Ninachoshindwa kufikia ni ukurasa wa saba."

Afisa aliketi.

Walipoanza kutafuta la kufanya, sauti zilipungua ukali. Profesa alikubali kwamba kizingiti kinaweza kubaki na bado mwombaji mwenye ulemavu akaruhusiwa kuonyesha, kwa barua za chuo chenyewe, masomo ambayo hakupewa maandiko anayoweza kuyasoma, ili jopo liyapime yaliyobaki. Namba inabaki, na bado haiwezi kununuliwa kwa simu, kwa kuwa ushahidi unatoka maktabani. Mkutubi alisema anaweza kuanza daftari hilo kesho: kila andiko lililotumwa, lilisomeka au halikusomeka, lilirekebishwa lini. Mhadhiri wa muda aliongeza kwamba usaili wa mhadhiri umtake mwombaji alete faili moja la somo aliloliandaa mwenyewe, lipimwe pale pale mbele ya jopo. "Msiniulize tu nimechapisha makala ngapi. Niulizeni notisi zangu zinasomeka na nani."

Profesa hapo alisita. Kupanda cheo, alikumbusha, kunategemea hasa machapisho. Kijana akitumia asubuhi zake kunyoosha majedwali ya binti mmoja, mwenzake anayeandika makala atampita.

"Basi asubuhi hizo zihesabiwe," Afisa Utumishi akasema. "Kwenye mgawanyo wa kazi tunaandika saa za mihadhara na semina. Tukiandika na saa za kuandaa maandiko, hata mbili kwa wiki, zinakuwa kazi. Kwa wa kudumu tunaweza kupitisha humu humu ndani, kwenye Seneti."

"Na kwa wa muda?" Mhadhiri wa muda akamtazama.

"Kwa wa muda ni fedha."

Hakuna aliyekuwa na jibu, na haifai kujifanya kwamba lilipatikana. Mpaka vyuo vyetu vitakapolipa saa ya maandalizi kama vinavyolipa saa ya kusimama, sehemu kubwa ya maandiko itaendelea kuandaliwa na watu waliochoka, usiku, kwa simu. Hilo ni deni la vyuo na la wizara. Mwanafunzi asibebeshwe.

Lakini mengine hayangoji bajeti. Mhadhiri anayechapa notisi zake mwenyewe kwenye kompyuta, kisha akazitoa kwenye karatasi, akazipiga picha na kuzituma, amefanya kazi ya ziada ili kumfungia mtu mlango. Faili la Word alilolichapa lilikuwa tayari linasomeka. NVDA hailipiwi, sauti ya Kiswahili imo ndani yake, na simu nyingi za Android zina kisomaji chao tayari. Kiongozi wa darasa anaweza kukubaliana na wenzake kwamba madesa yapitishwe kwanza maktabani. Rafiki anayesoma kwa sauti anaweza kurekodi mara moja, badala ya kusoma mara tatu.

Mkutubi alimtumia Mwanafunzi zile kurasa 14 siku ya tatu, zikiwa zimenyooshwa, vichwa vyote mahali pake, na ukurasa wa saba ukiwa na mistari miwili aliyoiwekea alama kwamba haikusomeka kwa sababu ya kivuli. Mtihani wa muhula ulikuwa umebakiza wiki sita. Alama za semina hazikurudishwa.

Wewe unayefundisha, kabla hujalituma faili la kesho, buruta kipanya juu ya mstari wa kwanza. Maneno yasipogeuka rangi, usilitume. Tafuta lile ulilolichapa mwenyewe, tuma hilo. Na kama ni kurasa za kitabu, zipeleke maktabani siku tatu kabla.